Mwaka wa Konokono wa Milia

Shangazi Damari alizikwa na kombe lake la kukwangulia vyungu mkononi. Wazee wa kanisa walisitasita, wakatazamana, lakini wafinyanzi wenzake watatu waliobaki Kinampanda walikuwa wameshasimama kando ya jeneza, na hakuna mchungaji mwenye akili timamu ambaye angebishana na wale kina bibi siku ile. Gamba lenyewe lilikuwa limelika kwa kazi hata likabaki dogo kama jani la mchungwa. Mimi nilisimama nyuma, viatu vyangu vya mjini vimejaa vumbi, nikalia kuliko watoto wake wa kuzaa. Watu walinionea huruma. Mama mmoja alinishika bega akasema, "Jikaze, mwalimu, shangazi yako alikupenda sana." Angejua kwamba hicho hasa ndicho kilichokuwa kinaniliza, angeniondolea mkono wake.

Habari za kifo zilinifikia Mandewa, Singida mjini, ninakoishi tangu nilipostaafu ualimu. Umri wangu umefika mahali ambapo simu ikiita mapema nakaa kwanza kitandani ndipo naipokea. Nilipofungasha kanga mbili na sweta nilijua siendi kuzika tu. Kuna jambo nimelibeba tangu ujana, na kila nilipotaka kulitua nilijiambia shangazi bado yupo, nitamwambia nikienda Krismasi. Krismasi zilikuja zikapita, nikala wali wake, nikanywa togwa yake, nikarudi mjini na jambo langu vilevile. Kuzaliwa kwangu na ukoo wangu havina la ajabu na sitawachosha navyo. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, ule nilipomaliza kidato cha nne nikawa nasubiri kuitwa chuo cha ualimu. Nimeishi miaka mingi baada ya ule, lakini nikijiuliza mimi ni mtu wa namna gani, jibu naliokota kule kule.

Nusu ya kwanza ya mwaka ule niliishi kwa shangazi. Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja kikubwa ambacho wageni walidhani ni stoo na yeye alikiita ofisi. Kilinuka udongo mbichi na magunia yaliyoloweshwa. Dirisha lilikuwa dogo kwa makusudi, ili upepo wa kiangazi usikaushe vyungu haraka vikapasuka. Tulikula humo humo, tumekalia vigoda katikati ya vyungu: ugali wa uwele na mlenda, siku nyingine maziwa mgando, na nyama ya kuku pale tu kuku alipoacha kutaga. Shangazi alikula huku anakagua kazi yangu. "Penina," aliniambia siku moja, tonge mkononi, "hiki ni chungu au ni kofia iliyokaliwa?" Neema, binti yake wa mwisho, alicheka mpaka mlenda ukampalia. Alikuwa na miaka minane na alikuwa na haki ya kucheka. Vidole vyake vilishajua kuinua ukuta wa chungu bila kuuyumbisha, wakati vyangu vilijua kushika kalamu basi.

Mkono wa tatu wa mfinyanzi pale kwetu ulikuwa kombe. Mtu wa pwani akisikia hivyo atafikiria bahari, lakini letu lilikuwa la maji baridi, mnyama asiye na kichwa wala miguu, anayeishi ndani ya tope la lambo, bwawa letu la kijiji, katikati ya magamba mawili yanayofungana kama kitabu. Ukingo wa gamba ni mkali na umepinda kidogo. Unauingiza tumboni mwa chungu na kukwangua mpaka ukuta unakuwa mwembamba sawasawa pande zote. Gamba la kombe lililokufa lenyewe halifai, linameguka kama chaki. Linatakiwa lile lililotolewa majini likiwa hai. Na hakuna msichana aliyejichukulia tu. Ukichoma chungu chako cha kwanza kikatoka motoni kizima, mwalimu wako anaingia lambo pamoja na wewe. Yeye anatangulia, wewe unamshika mabega kwa nyuma, na mnatembea polepole mkipapasa tope kwa nyayo, mpaka wewe mwenyewe ulione kombe kwa mguu wako. Hapo ndipo unaitwa mfinyanzi na unaruhusiwa kuchora alama yako shingoni mwa chungu. Likilika unaingia kutafuta jingine, lakini la kwanza ndilo linalokupa jina. Kombe haliazimwi wala halirithiwi. Shangazi alikuwa amepanga Neema apate lake mapema kuliko msichana yeyote aliyewahi kulipata pale kijijini, na alilisema jambo hilo waziwazi, kwa majivuno ambayo yangemletea maneno kanisani.

Mwezi wa tatu Neema alianza kukojoa damu. Alificha kwa siku kadhaa, halafu shangazi akaona nguo. Nilikuwa jikoni napepeta uwele nikawasikia nyuma ya ukuta, shangazi na jirani yetu Yunisi, mfinyanzi mwenzake, wakinong'ona kwa Kinyiramba. "Mvulana akikojoa hivyo wanasema amekua," Yunisi alisema. "Msichana tutasema nini?" Nilisikia shangazi akiifikicha ile nguo ndani ya beseni. Baada ya siku chache alifika bwana afya kwa baiskeli, mtu mrefu mpole mwenye sanduku la bati, akampima mtoto kwa macho na kwa mzani, akampa vidonge. Kisha akatupeleka lambo, akaingiza kopo kwenye majani ya ukingoni, akatoa konokono mdogo kuliko punje ya mahindi na kumweka kiganjani.

"Kichocho kinatoka kwa huyu," alisema. "Vidudu vyake visivyoonekana vinaogelea na kupenya ngozi ya mtu. Dawa ya mtoto ninayo. Ya lambo sina. Ipo dawa ya kumwaga majini ya kuua konokono, lakini huku hawajanipa."

Maneno hayo ya mwisho wanawake waliokuwa wametufuata waliyahifadhi vizuri kuliko yote aliyosema. Akamgeukia Neema na kumwambia asiingie tena majini, la sivyo vidonge vitakuwa kazi bure.

"Hata kutafuta kombe?" Neema aliuliza.

"Hata kombe, mama."

Mtoto hakulia. Alirudi nyumbani mbele yetu, akajilaza mkekani, akageukia ukuta. Jioni ile hakugusa udongo, na kesho yake pia hakuugusa. Shangazi akawa anamwambia, "Wewe finyanga tu, mengine tutaona," lakini sauti yake haikuwa na nguvu, na Neema hakuwa mjinga. Afinyange kwa ajili gani, kama mwishoni hataruhusiwa kuingia? Mimi nililala chumba kimoja naye na niliona alivyokuwa anakunja vidole vya miguu chini ya shuka, anapapasa, kama tayari yuko ndani ya lile tope. Nilimpenda yule mtoto. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele huko mtu anaweza kudhani vingine.

Mwezi wa sita nikapata kazi ya ndani Singida mjini, kwa familia moja ya Kihindi yenye duka la vyombo. Waliishi nyuma ya duka, katika nyumba ndefu ya vyumba vyenye baridi, na jikoni kwao haikuingia nyama wala yai. Mama Hansa, mwenye nyumba, alinifundisha kusukuma chapati nyembamba mpaka nikaona haya kukumbuka za kwetu, akanizoesha dengu na achari ya maembe, ukali wake ukanitoa machozi wiki nzima kisha nikawa siwezi kula bila hiyo. Alikuwa mkali juu ya sakafu na mpole juu ya kila kitu kingine. Baba mkwe wake, mzee ambaye wote mle ndani tulimwita Bapuji, alikuwa na tangi la samaki la kioo sebuleni, aliloletewa na mwanawe kutoka Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kuongeza maji kila asubuhi. Ndani mlikuwa na samaki wekundu wanne, majani ya kijani, na konokono wakubwa waliojiviringa bapa kama mkanda wa suruali, rangi ya njano yenye milia ya kahawia. Nilikuwa nawatazama kuliko samaki. Walitembea kwenye kioo wakikwangua ukungu kwa midomo, polepole, bila kuchoka, na kwa kuwa nilitoka kwa watu wa kukwangua niliwaona kama ndugu.

Siku moja alasiri Mzee Salum, jirani mwenye duka la vitambaa, alikuja kunywa chai kama kawaida yake. Nilikuwa nafuta meza karibu na mlango wa pili. Bapuji alikuwa analalamika.

"Mwanzoni nilikuwa na konokono wengine, wadogo wadogo, walikuja na majani. Hawa wenye milia wamewamaliza. Wanakula mpaka mayai yao. Huoni hata mmoja."

"Si vizuri? Tangi ni safi," Mzee Salum alisema.

"Safi! Sasa wamegeukia majani. Wakimaliza majani sijui watakula nini. Labda mimi."

Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka peke yangu mlangoni, lakini si kwa sababu ile. Masikio yangu yalikuwa yameshachukua nusu yaliyoitaka na kuiacha nusu ya pili juu ya meza pamoja na makombo ya vitafunio vya chevda. Wanawamaliza wadogo. Wanakula mayai yao. Niliiona kiganjani ile punje ya bwana afya. Akili haikuwa jikoni siku ile, nikavunja bilauri, na Mama Hansa akauliza kama nina homa. Kesho yake nilimwomba Bapuji konokono kidogo nimpelekee mtoto wa shangazi anayeumwa. "Chukua," alisema kwa furaha ya mtu anayepunguziwa mzigo, na mwenyewe akawachota kwa kijiko cha mbao akawatia katika chupa kubwa ya achari niliyokuwa nimeiosha mara tatu na bado ilinuka uwatu.

Niliomba ruhusa mwezi wa tisa nikapanda basi la Kiomboi na chupa mapajani, nimeitobolea kifuniko kwa msumari. Sikumwambia shangazi. Nilitaka iwe zawadi, lakini pia niliogopa, kwa sababu lambo lile lilikuwa na wenyewe: hata kuosha gunia pale uliwauliza kwanza wafinyanzi. Nilijua wangeniuliza maswali nisiyokuwa na majibu yake, na badala ya kujiuliza kwa nini sina majibu, nikaona bora nisiulizwe. Jumapili nilisema tumbo linauma nikabaki wakati wote wamekwenda ibadani. Maji yalikuwa yamepungua kwa kiangazi, lakini yalikuwa maangavu, na niliyaona yote yaliyokuwemo: mayungiyungi yenye majani mapana, vifaranga vya perege chini yake, konokono warefu wenye ncha ambao watoto waliwaita misumari na kuwatunga shanga, wengine wa mviringo weusi kama mbegu za mpapai, na pale penye tope laini mistari myembamba ambayo makombe huiacha yanapojikokota. Niliyaona yote nisione kitu. Nilimimina chupa ukingoni. Nilipiga magoti kwenye tope nikamwomba Mungu awabariki wale konokono wazaane. Katika sala zangu zote za maisha, sijui nyingine iliyojibiwa haraka vile.

Mwaka ukaisha, barua ya chuo ikaja, nikaondoka. Nilisoma miaka miwili, na kila nilipokuja likizo nilikwenda lambo kabla hata sijanywa maji. Likizo ya kwanza nilimkuta bwana afya na kopo lake, amepandisha suruali mpaka magotini, anachota na kuchota. "Ajabu," aliniambia, "nawatafuta wale wa kichocho siwapati." Hakuvutiwa sana na wenye milia, alisema ni wageni tu, labda walikuja na mafuriko. Miezi ilipita, hakuna mtoto mpya aliyeugua, na yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa shangazi kumwambia Neema anaweza kuingia majini. Shangazi alinisimulia hayo akicheka na kufuta macho kwa ncha ya kanga. Niliinama nikajifanya nafunga kiatu. Nilikuwa na furaha hata nikaona vibaya kuimaliza kwa kusema. Nikajiambia nitasema siku ile Neema atakapopewa kombe lake. Ndiyo itakuwa zawadi kamili.

Alichoma chungu chake cha kwanza likizo yangu ya mwisho, akiwa na miaka kumi na mmoja kasoro kidogo. Kilitoka kizima, chekundu upande mmoja na cheusi upande uliolambwa na moto, na kilipogongwa kwa kidole kililia vizuri. Asubuhi iliyofuata tulishuka lambo, wafinyanzi wote saba wa wakati ule, na mimi niliyeruhusiwa kwa upendeleo kubeba nguo. Majani ya mayungiyungi hayakuwepo. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Wanawake walinung'unika kidogo kuhusu mvua na ng'ombe, kisha shangazi akaingia, Neema akamshika mabega, wakaanza kutembea. Kutoka ukingoni niliona uso wa mtoto. Alikuwa amefumba macho, midomo imebana, roho yake yote imeshukia miguuni.

"Hapa," alisema. Shangazi akainama, akazamisha mkono, akatoa magamba mawili yaliyoachama, yamejaa tope. Akayatupa. Wakaendelea. "Hapa." Magamba matupu tena. Baada ya muda Yunisi akaingia kusaidia, kisha wengine, wakashikana mabega wakawa mstari mmoja wakilifagia lambo kwa nyayo kutoka ukingo mpaka ukingo. Walipata mengi. Yote yalikuwa yamekufa. Jua lilipanda, Neema akaanza kutetemeka kwa baridi ya maji, na hakukubali kutoka. Kando ya mawe pale niliposimama, wenye milia walikuwa wamepandana mamia kwa mamia, wanakwangua. Sikuona msumari hata mmoja, wala wale weusi wa mviringo.

Shangazi alitoka, akaokota mmoja wa milia, akamgeuza kwenye mwanga. "Hawa ni wadudu gani? Wametoka wapi?"

Kinywa changu kilikuwa wazi. Nakumbuka ladha ya hewa ile. Na kabla sijatoa sauti Yunisi alisema, "Si yule bwana na dawa yake ya kumwaga majini? Si alitembea humu na makopo yake? Ameua makombe yetu, akatuachia hawa." Wenzake wakaitikia, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeitikia alinifungia kinywa kidogo. Neema, maji kiunoni, akasema, "Mama, tutafute tena kesho." Walitafuta siku nne. Siku ya tano shangazi aliweka kile chungu juu ya rafu bila alama, akamwambia Neema, alivyoweza kumwambia, kwamba kombe halipo tena, na mimi nikatoka nje nikachota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Wiki hiyo hiyo bwana afya alikuja na vidonge vya watoto wa shule. Wanawake walimzuia pale njia panda ya kanisa. Walimwita muuaji wa lambo. Aliapa hajamwaga kitu, akafungua sanduku lake kuwaonyesha. Kisha akaniona nyuma ya watu. "Mwalimu," aliniita, ingawa cheti bado sikuwa nacho, "wewe umesoma. Waambie basi."

Kila mtu aligeuka. Shangazi pia.

"Wazee wameshasema," nilijibu.

Alinitazama kidogo, si kwa hasira, kwa mshangao tu, akafunga sanduku na kuondoka akiikokota baiskeli. Mwaka ule watoto wa Kinampanda waliokuwa na ugonjwa miilini hawakumeza dawa. Yeye aliomba uhamisho, na sijamwona tena.

Nilifundisha sayansi maisha yangu yote. Kila mwaka nilichora ubaoni mzunguko wa kichocho, mtu, maji, konokono, mtu, na kila mwaka mgongo wangu ulikuwa kwa wanafunzi wakati nikichora konokono. Miaka michache iliyopita binti mmoja wa chuo kikuu alikuja lambo na buti za mpira na chekeche. Shangazi alikataa hata kumjibu salamu, akidhani ni mtu wa afya. Mimi nilimfuata. Alinieleza kwamba wenye milia hula mayai ya wenzao na hula majani mpaka yaishe. Majani yakiisha, tope linatibuka na kuwasonga makombe, na samaki wanakosa pa kutagia. Na watoto wa kombe huanza maisha wakiwa wameshikilia matamvua ya samaki, kwa hiyo samaki wakipungua hakuna kombe jipya linalozaliwa. Nilimsikiliza kama mshitakiwa anayesomewa. Aliuliza kama pale kijijini kuna anayejua walifikaje. Nikamwambia hakuna. Mtu anaweza kuniambia kwamba kichocho kilikwisha pale, na ni kweli kilikwisha, kuna watoto waliokua bila kukijua. Nimejaribu kujiliwaza kwa hilo. Halikai. Ningeweza kuwa mtu aliyekosea kwa kupenda, na watu wangenilaumu, kisha wangenisamehe. Nikachagua kuwa mtu mwingine pale njia panda.

Neema alijaribu kukwangua kwa bati la kopo la mafuta. Chungu kilikuwa chungu, kilipika vizuri tu, lakini hakuna aliyemwita mfinyanzi, na yeye hakuwa mtu wa kujipachika jina. Aliacha akiwa na miaka kumi na tano. Leo ana mgahawa Kiomboi na watoto watatu, na chakula chake kinasifiwa mpaka Singida.

Siku ya pili baada ya maziko tulikuwa chini ya turubai tunachagua mchele. Bibi Yunisi, ambaye sasa haoni vizuri na huchagua mawe kwa kupapasa, alisema, "Damari amekwenda hajamsamehe yule mtu." Mwenzake akajibu, "Nani angemsamehe?" Nikaweka ungo chini nikamfuata Neema bombani.

"Neema, wale konokono niliwaleta mimi," nilimwambia. "Kutoka Singida, ule mwaka ulipoumwa. Yule bwana hakufanya kitu."

Alingoja ndoo ijae. Akafunga bomba. Nikaendelea kusema, nikasema mengi, nikamwambia nilitaka apone.

"Nilipona kwa vidonge vyake, dada," alisema. "Mama amemlaani yule mtu mpaka wiki iliyopita. Namlisha uji, anameza, anamlaani."

"Najua."

"Hujui. Hukuwepo." Alijifuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja. "Haya, umeniambia mimi. Na mimi nimpelekee nani?"

Alijitwisha ndoo, na akiwa ameshanipa mgongo akasema, "Kesho wakianua msiba watauliza kama kuna mwenye neno. Utasimama."

Waliuliza, baada ya chai, watu wakiwa wamekaa mikekani uani. Nikasimama. Nilisema yote, kuanzia tangi la kioo mpaka njia panda, na sikujitetea, au nilijitahidi nisijitetee. Kuku walikuwa wanapita katikati yetu na hakuna aliyewafukuza. Nilipomaliza, Bibi Yunisi aliinua uso kuelekea sauti yangu ilikotoka.

"Uliwamwaga wangapi?"

"Kumi na mmoja, bibi."

"Kumi na mmoja," alisema. Akarudia kwa Kinyiramba, kwa ajili ya wale wenzake wawili. Wakaangalia chini wote watatu. Nikabaki nimesimama, maana hakuna aliyeniambia nikae.